Mtungi na Chungu: Habari za Maji na Chakula Katika Fizi na Baraka

Mtu asimamaye juu ya milima ya Fizi na kutazama mashariki aona maji hata mwisho wa macho. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 673 hivi, na mahali penye kilindi kikubwa lashuka mita 1,470. Wataalamu wakadiria kwamba karibu sehemu moja katika sita ya maji yasiyo na chumvi yaliyo juu ya uso wa dunia, barafu isipohesabiwa, imo katika ziwa hili moja. Mtu huyo akigeuka nyuma aona mabonde yenye rutuba, mashamba ya muhogo na mahindi, na michikichi mingi. Basi aweza kuuliza: Katika nchi iliyojaliwa hivi, shida ya maji na shida ya chakula zatoka wapi?

Swali hilo ndilo tutakalo kulijibu. Maana shida zipo, tena ni za miaka mingi. Na jambo la kusikitisha ni kwamba shida hizo mbili hugombanishwa mara kwa mara. Huyu akipata maji, yule akosa chakula. Huyu akilinda shamba, yule afukuzwa mtoni. Sisi twataka kuonyesha, kwa kufuata historia ya nchi hii, kwamba haki ya maji na haki ya chakula hazina ugomvi zenyewe. Ugomvi waanza pale watu wanapoacha kupatana ni nani achote, achote wapi, na kwa majira gani.

UFUKO MMOJA, KAZI NYINGI

Baraka ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake twaijua sote. Mji huo watazama ghuba iitwayo ghuba ya Burton, na ng'ambo yake ndiyo Ubwari. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita huko kwa mitumbwi wakitokea Ujiji, wakadhani Ubwari ni kisiwa. Baadaye, mwaka 1876, Stanley alizunguka ziwa akaonyesha kuwa ni rasi iliyoshikana na bara.

Mwaka 1883 mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe, walijenga misioni ya Kibanga katika pande hizo hizo. Walikuwa na ziwa mbele na udongo mzuri nyuma. Walilima, wakakusanya watoto na watu waliokombolewa utumwani. Lakini mahali pale palikuwa pa magonjwa mengi. Mwaka 1890 Askofu Bridoux alifia Kibanga, na haikupita miaka mingi mapadre wakahamia kusini. Huko, mwaka 1893, walianzisha Baudouinville, ambayo leo ni Moba. Tangu zamani hizo, basi, nchi hii ilikwisha kutufundisha somo moja: kuwa na maji mengi na udongo mwema si sawa na kuwa na uzima. Wingi wa maji ni jambo moja, usafi wake ni jambo lingine.

Somo hilo lilirudi kwa nguvu tangu miaka ya 1970, kipindupindu kilipoingia Kongo. Ugonjwa huo umefanya makao yake kando ya maziwa ya mashariki, na pwani ya Uvira, Fizi na Kalemie ni miongoni mwa mahali unapozuka tena na tena. Sababu yake haifichiki kwa mtu akaaye ufukoni asubuhi moja. Akina mama wachota maji ya kunywa. Hatua chache kutoka hapo wengine wafua nguo, watoto waoga, wavuvi washusha ndagala na kuosha nyavu. Mvua ikinyesha, uchafu wa mji washuka hapo hapo. Ufuko ni mmoja, na kazi zote ni za lazima. Tukimwambia mvuvi aondoke, tumemnyang'anya chakula. Tukimwacha pamoja na mchota maji, tumemletea mwenzake ugonjwa.

Huko London, mwaka 1854, daktari John Snow alionyesha kwamba watu wengi waliokufa kwa kipindupindu katika mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Karibu na kwetu, Uvira, wataalamu walifuata habari za mwaka 2009 hadi 2014, wakilinganisha maji yaliyotoka katika mabomba na wagonjwa walioingia mahali pa matibabu. Waliona kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, hesabu ya wagonjwa katika siku 12 zilizofuata yaongezeka kwa asilimia 155, kuliko wakati maji yatokapo vizuri. Nao walikadiria kwamba karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka hiyo waliletwa na kukatika kwa maji. Watu wa Uvira hawakusahau mafundisho ya usafi siku bomba lilipokauka. Walirudi ziwani kwa sababu hawakuwa na mahali pengine.

BIDONI TANO KWA SIKU

Nchi ya Fizi imepitiwa na vita mara nyingi. Kulikuwa na maasi ya 1964, na baada yake mapigano ya miaka mingi msituni na milimani. Vita ya 1996 ilipoanza, maelfu ya watu walivuka ziwa wakakimbilia Kigoma, wakakaa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Tangu Oktoba 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilianza kuwarudisha wengi kwa meli, kutoka Kigoma hadi Baraka. Walikuta mashamba yamekuwa vichaka na visima vimefukiwa. Kisha mwaka 2015, matata yalipozuka Burundi, mambo yakageuka: watu wa Fizi, waliokuwa wakimbizi jana, wakawa wenyeji wa wakimbizi. Kambi ya Lusenda ilifunguliwa katika teritori ya Fizi, na mgeni na mwenyeji wakaanza kutazamana penye bomba moja na penye shamba moja.

Mashirika ya misaada yana vipimo vyake. Kwa watu waliopatwa na msiba, wasema kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku za kunywa, kupika na kujisafisha, tena bomba lisiwe mbali kupita mita 500. Kwa chakula, kipimo ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Vipimo hivyo ni vyema. Lakini hebu tuvitie katika nyumba moja, tuone vinavyokaa.

Nyumba yenye watu sita yahitaji lita 90. Hizo ni bidoni nne na nusu za lita 20, nasi twajua kwamba bidoni moja iliyojaa ni mzigo wa kilo 20. Ikiwa kisima ki mwendo wa nusu saa, kwenda na kurudi ni saa nzima. Bidoni tano ni saa tano, bila kuhesabu muda wa kungoja zamu. Na ni nani achukuaye bidoni hizo? Ni mama na binti zake. Ni nani aendaye kulima? Ni mama yule yule. Ni nani atafutaye kuni, atwangaye na kupika? Ni yeye. Na akipewa maharagwe makavu yahitaji maji mengi na moto wa saa nyingi kabla hayajalika, kwa hiyo chakula chenyewe chamrudisha kisimani.

Twaona sasa mahali ambapo mizani yapimwa. Wakubwa hudhani mizani hiyo imo katika ofisi, ambako fedha hugawanywa kati ya visima na mbegu. Kwa kweli imo katika siku ya mama mmoja. Akichota maji yote yatakiwayo, shamba lake laota magugu. Akienda shambani alfajiri, nyumba yake itakunywa maji ya karibu, mabaya au mema. Mtu aletaye jembe jipya kijijini pasipo kisima cha karibu, amempa mama kazi ya pili bila kumwondolea ya kwanza. Lakini aletaye kisima karibu ameleta pia chakula, kwa kuwa amerudisha saa za kulima.

MUHOGO HAULIKI BILA MAJI

Sasa tutazame chakula chenyewe. Muhogo si mmea wa asili ya Afrika. Wareno waliuleta kutoka Amerika katika karne ya 16, ukaenea polepole kutoka pwani ya Kongo hata maziwa makuu. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji serikali ililazimisha watu kulima mazao iliyoyataka, kwa amri iliyotolewa tangu mwaka 1917. Leo ugali wa muhogo na sombe ni chakula cha kila siku cha nyumba nyingi za Fizi.

Muhogo una fadhili nyingi: wavumilia ukame, wangoja ardhini, hata askari mwizi hawezi kuubeba wote kwa siku moja. Lakini muhogo mchungu una sumu. Sumu hiyo hutoka kwa kulowekwa siku tatu au nne, kisha kuanikwa na kusagwa. Maana yake ni kwamba muhogo hauwi chakula mpaka umepitia majini. Kumnyima mama maji ya kuloweka ni kumnyima ugali, ijapokuwa shamba lake limejaa.

Hatari yake yajulikana. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa nchi ya Kwango, magharibi ya Kongo, uitwao konzo. Ni jina la Wayaka, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtu alala mzima, aamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ugonjwa huo ulipata watu zaidi ya 1,000 katika mkoa wa Nampula huko Msumbiji, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Muhogo ulikuwa umezidi uchungu kwa kukosa mvua, nao wenye njaa hawakungoja siku za kuutengeneza. Hata katika Kivu Kusini, miaka ya vita, wataalamu waliukuta Burhinyi, katika teritori ya Mwenga iliyo jirani ya Fizi. Vita, kama ukame, hukata siku za kuloweka: mtu akimbiaye hawezi kungoja siku nne.

Kwa upande mwingine, mihogo ikilowekwa kijitoni hugeuza maji yakanuka. Aliye chini ya kijito atakunywa nini? Je, tukataze kuloweka? La, sivyo. Tutakuwa tumeponya tumbo la mmoja na kuharibu miguu ya mwingine. Dawa yake ni kupatana juu ya mahali: juu kabisa pachotwe maji ya kunywa, chini yake watu waoge na kufua, na chini ya yote mihogo ilowekwe. Hata hivyo patano hilo halitoshi, maana kijito hakiishi kijijini kwetu. Chini yetu kuna kijiji kingine, ambacho mwanzo wake ni mwisho wetu. Kwa hiyo palipo na vijiji viwili katika kijito kimoja, ni heri kuchimba mashimo ya kulowekea kando, au kutumia mapipa.

Kuna pia njia ya maji machache. Wataalamu wa Australia waligundua kwamba unga wa muhogo ukichanganywa na maji, ukatandazwa mwembamba juu ya mkeka kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu iliyobaki yapungua sana. Ndipo unga huo hupikwa siku ile ile. Akina mama wa Kwango walifundishwa njia hiyo, nayo imesaidia kuzuia konzo. Haiondoi haja ya kuloweka, bali yaongeza ulinzi pale ambapo siku za kuloweka zilipungua.

NG'OMBE, SHAMBA NA KIANGAZI

Ugomvi mkubwa kuliko wote, na uliomwaga damu, ni ule wa kiangazi. Majani ya milima ya juu yakikauka na vijito vikipungua, wachungaji hushuka na ng'ombe wao kwenda mabonde ya Lulenge na Ngandja kutafuta malisho na maji. Wachungaji hao wengi ni Wanyamulenge, na wakulima wa mabonde wengi ni Wabembe na Wabuyu. Kwa mchungaji, maji ya ng'ombe ndiyo chakula cha watoto wake. Kwa mkulima, muhogo uliokanyagwa ndio njaa ya watoto wake. Hakuna kati yao asiye na haki.

Zamani kulikuwa na desturi iitwayo itulo. Wenye ng'ombe walimpa mkuu wa nchi zawadi ili wapokelewe kwa majira hayo. Desturi hiyo haikuondoa kila fitina, lakini ilimfanya mgeni ajulikane, na mkulima alijua mahali pa kupeleka mashtaka. Vita vilipokuja, tangu 1996, bunduki zilikaa mahali pa wazee. Wenye silaha walianza kutoza ng'ombe kwa nguvu. Mwenye mifugo alilipa wengi, na mkulima aliyeharibiwa shamba hakupata kitu. Malipo ya amani yaligeuka kuwa biashara ya vita. Tangu 2019 milimani vijiji vingi vilichomwa, makundi ya ng'ombe yakaporwa, na watu wa makabila yote wakakimbia.

Wasomaji wa Kitabu cha Mwanzo wakumbuka kwamba wachungaji wa Isaka nao waligombana na wachungaji wa Gerari kwa ajili ya visima. Ugomvi huu si wa kabila fulani, wala haukuzaliwa Fizi. Ni ugomvi wa kila mahali ambapo maji ni machache na patano limevunjika. Atakaye kuuponya asianze kwa kuuliza nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, bali aanze kwa kuuliza njia ya ng'ombe ni ipi, mwezi gani wapite, na nani alipe shamba likiharibika.

Kugawana kwa majira kwawezekana hata kwa mataifa. Samaki wa Tanganyika wamepungua. Wavuvi wameongezeka, na tangu 2003 wataalamu wameonyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, kwa hiyo hayachanganyiki vema na maji ya chini yaletayo chakula cha samaki. Basi mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Ni shauri la hekima. Lakini mvuvi asiye na shamba aliuliza swali la haki: Watoto wangu watakula nini miezi mitatu hiyo? Patano jema halina budi kumjibu huyo kabla ya kufunga ziwa.

SHERIA ZASEMAJE

Tangazo la Haki za Binadamu la 1948 lilitaja chakula, halikutaja maji. Mkataba wa 1966 juu ya haki za uchumi na jamii, ambao nchi yetu, wakati huo Zaire, iliukubali mwaka 1976, ulifanya vivyo hivyo. Labda waandishi waliona maji kama hewa, kitu kisichohitaji kutajwa. Waraka wa Papa Yohane XXIII wa 1963 juu ya amani uliorodhesha haki ya chakula, mavazi na makao. Ilipofika 2015, Papa Fransisko alifundisha wazi kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu.

Tarehe 28 Julai 2010 Umoja wa Mataifa ulitambua haki ya maji. Nchi 122 zilikubali, hakuna iliyokataa, na 41 zilijizuia kupiga kura, zikiwamo jirani zetu wa ziwa, Tanzania na Zambia. Kabla ya hapo, mwaka 2002, kamati ya wataalamu wa ule mkataba wa 1966 ilikuwa imepanga cheo cha maji: kwanza matumizi ya mtu na nyumba yake, pamoja na hayo, maji ya kuzuia njaa na magonjwa. Katiba ya Kongo ya 2006 nayo yataja usalama wa chakula katika kifungu cha 47, na maji ya kunywa katika kifungu cha 48. Vifungu viwili vinavyofuatana, kama mtungi na chungu vikaavyo jikoni pamoja.

Lakini kifungu hakichoti maji. Sheria yatupa cheo. Yatubakia sisi kupanga mahali na majira.

YATUPASA NINI?

Yatupasa, kwanza, kupatana juu ya mahali. Kila kijiji kiweke wazi pa kuchota, pa kufua, pa kuloweka, pa kunyweshea ng'ombe na pa kushushia samaki, na vijiji vya kijito kimoja vikae pamoja. Pili, majira: njia za ng'ombe zipangwe kabla ya kiangazi, wala si siku shamba lilipokwisha kukanyagwa. Tatu, cheo: maji ya kunywa yatangulie, kisha maji ya chakula cha nyumba, kisha ya mauzo. Mwenye shamba kubwa la biashara au mchimba dhahabu asitangulie mtoto mwenye kiu.

Nne, na hili ndilo lisahauliwalo, katika baraza la maji wawemo wachukuao maji. Mara nyingi twaona wanaume kumi wakijadili kisima ambacho hawajapata kuchota bidoni moja. Mama ajua ni saa ngapi mstari hupungua, ni bomba gani lakauka Agosti, ni kijito gani chanuka. Baraza lisilomsikia litagawa maji ambayo hayapo.

Milima haitashuka, wala ziwa halitahama. Wabembe, Wabuyu, Wafuliru, Wanyamulenge na wageni wa Burundi watachota katika vijito vile vile kesho na kesho kutwa. Kiangazi chaja kila mwaka, nasi twaijua miezi yake. Basi, ndugu wasomaji, tukae tupatane kabla hakijafika.